Kufundisha Watoto Wenye Vipawa kwa Roboti: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia na watoto wenye vipawa, katika chumba ambacho meza moja ina madaftari na ya pili ina mota, waya na magurudumu. Wazazi, walimu wenzangu na vijana wanaofikiria kuingia kazi hii huniuliza maswali yanayofanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu.

Kazi yako hasa ni ipi?

Ni kazi mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kuwatambua watoto ambao somo la kawaida haliwatoshi, kisha kupanga na walimu wao wa darasa wafundishwe nini na kwa mwendo gani. Ya pili ni kuendesha karakana ya roboti, ambako watoto huunda mashine ndogo zinazojiendesha na kuziandikia programu. Wageni huiona hiyo ya pili, kwa sababu ina taa na kelele. Ya kwanza ndiyo inayonikosesha usingizi, maana mtoto usiyemtambua hatakuja kulalamika. Atakaa kimya, atazoea kumaliza kazi bila kufikiri, na miaka itapita.

Ulisomea roboti chuoni?

Hapana. Nilisomea ualimu wa hisabati na sayansi. Roboti nilijifunza mezani, pamoja na watoto, kutoka kwenye boksi la vifaa lililokuwa limekaa kabatini kwa sababu hakuna aliyejua kulitumia. Elimu ya watoto wenye vipawa niliisomea baadaye, nikiwa tayari kazini.

Anayetaka kufuata njia hii namshauri aanze na darasa la kawaida, akae humo walau miaka mitatu. Usipojua mtoto wa kawaida wa miaka tisa anafikirije, huwezi kumwona anayefikiri tofauti. Kozi za roboti zipo nyingi na ni fupi, unaweza kuzifanya wakati wowote. Jicho la kumwona mtoto halina kozi fupi.

Kipawa na kipaji, vina tofauti?

Katika mazungumzo ya kila siku tunayatumia maneno haya kwa kubadilishana, wala si kosa. Lakini katika kazi yetu tofauti hiyo ina faida kubwa. Mtafiti wa Kanada, Françoys Gagné, ametenganisha uwezo wa asili ambao mtoto anao kabla ya kufundishwa na umahiri unaojengeka baada ya mafunzo na mazoezi ya muda mrefu. Mimi huuita ule wa kwanza kipawa, kwa kuwa ni kile mtu alichopawa, na ule wa pili kipaji. Kati ya hivyo viwili kuna kazi nyingi: mwalimu, muda, vifaa, afya, nyumba inayomruhusu mtoto kuuliza. Kipawa kinaweza kukaa bila kugeuka kipaji mpaka mtu akazeeka nacho.

Mwanangu anapata mia kwa mia kila mtihani. Ana kipawa?

Huenda anacho. Mia kwa mia inakwambia mtihani umeishia wapi. Mtoto ameishia wapi haikwambii. Ni kama kumpima urefu kwa rula fupi kuliko yeye. Ninachouliza mzazi ni haya: anauliza maswali gani akiwa hana mtihani? Akikosea, anataka kujua kwa nini, au anataka tu kulifuta lile kosa? Kuna jambo analolirudia kila siku bila kuambiwa na mtu?

Na kuna swali la upande wa pili ambalo wazazi wachache huniuliza: mtoto anayepata hamsini kwa mia anaweza kuwa na kipawa? Anaweza kabisa. Nimewafundisha wa namna hiyo.

Basi mnawatambuaje? Si kwa kipimo cha akili?

Kipimo kinasaidia, lakini hakitoshi, na historia ya fani yetu yenyewe inatufundisha hivyo. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kukusanya watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu sana katika kipimo cha akili, akaanza kuwafuatilia maisha yao. Wavulana wawili walipimwa na hawakufikisha alama zilizotakiwa, wakaachwa. Mmoja alikuwa William Shockley, wa pili Luis Alvarez. Shockley alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na Alvarez mwaka 1968. Tangu niliposoma habari hiyo sijamwambia mzazi yeyote kwamba mtoto wake hana kipawa kwa kutazama karatasi ya alama peke yake.

Mwaka 1978 Joseph Renzulli, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alipendekeza tuangalie mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ile hali ya kung'ang'ania kazi mpaka iishe. Hakudai uwezo wa ajabu. Alidai yote matatu yawepo mahali pamoja. Hilo la tatu ndilo linaloonekana waziwazi kwenye meza ya roboti, na karatasi ya mtihani huwa hailioni.

Jambo lingine ni nani anapewa nafasi ya kupimwa. Katika wilaya moja kubwa ya jimbo la Florida, zamani mtoto alipimwa mwalimu au mzazi akimpendekeza. Mwaka 2005 wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipochunguza matokeo, walikuta idadi ya watoto wa familia maskini, na wa jamii za watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, waliotambuliwa kuwa na vipawa imepanda sana. Watoto ni walewale waliokuwapo siku zote, ila sasa wote walitazamwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mara nyingi sisi walimu tunangoja cha mvunguni kituite.

Umewahi kumkosa mtoto?

Ndiyo, na mmoja nusura nimkose simsahau. Alikuwa msichana wa miaka kumi, alama zake za katikati, mkono haunyooshi. Siku hiyo watoto walikuwa wakijaribu roboti yenye kihisi cha sauti. Kihisi hicho hutoa sauti ya masafa ya juu ambayo sikio la mtu haliisikii, kisha hungoja mwangwi urudi. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukijua muda uliopita unajua umbali. Roboti ilisimama vizuri mbele ya ukuta, ikasimama mbele ya boksi, lakini kila ilipoelekea dirishani ilipitiliza na kujigonga. Watoto waliokuwa wakiongoza kila somo walibadilisha programu mara sita. Mmoja akasema kihisi kimeharibika.

Yule msichana alikuwa amesimama pembeni. Akaenda dirishani, akashika pazia, akalikunja vidoleni, akasema kwa sauti ya chini, "Pazia linameza sauti." Kisha akachukua kitabu chenye jalada gumu, akakisimamisha mbele ya pazia, akaomba roboti ijaribiwe tena. Ikasimama.

Alikuwa amefikiri kuhusu sauti inavyogonga kitu laini, akatafuta namna ya kuhakikisha, na hakungoja nimwambie kama yuko sahihi. Nilikuwa nimemfundisha tangu mwanzo wa mwaka bila kuona chochote. Tulimpima upya kwa njia tofauti, tukampa kazi za kiwango chake, akaanza kunyoosha mkono.

Kwa nini roboti? Hisabati ya vitabuni haitoshi?

Kwa mtoto mwenye kipawa kuna hatari ambayo watu wengi hawaioni: anaweza kumaliza miaka mingi ya shule bila kukutana na jambo lililomshinda. Kila kitu kimekuja kwa urahisi, kila mtu amemsifu, naye ameamini kwamba kuwa na akili ni kutokosea. Siku anapokutana na jambo gumu kweli, labda chuoni, hana zoezi lolote la kushindwa na kuendelea.

Roboti haijui nani ni wa kwanza darasani. Ukiipa amri isiyo sahihi itaitekeleza hivyohivyo, mbele ya wenzako wote. Nitatoa mfano. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 5.6. Mtoto anazidisha kwa pai, anapata mzingo wa karibu sentimita 17.6. Anataka roboti iende mita moja, anagawa 100 kwa 17.6, anapata mizunguko 5.68. Hesabu ni sahihi kabisa. Anaweka, roboti inakwenda, inasimama sentimita tatu kabla ya mstari.

Hapo ndipo somo linapoanza. Gurudumu limeteleza? Mpira wake umebonyea kwa uzito? Roboti ilipinda kidogo njiani, ikatembea njia ndefu zaidi kuliko mstari ulionyooka? Je, nikiirudisha mara kumi, itasimama palepale au kila mara mahali tofauti? Ikisimama palepale, kuna kosa moja la kudumu ambalo linaweza kusahihishwa. Ikisimama mahali tofauti, tatizo ni lingine kabisa. Mtoto wa miaka kumi na moja anayejiuliza hivyo anafanya kazi ya mhandisi, na hakuna jibu nyuma ya kitabu.

Nani aliyeanzisha wazo la kuwafundisha watoto kwa roboti?

Wengi wamechangia, ila jina ambalo kila mwalimu wa fani hii analijua ni Seymour Papert. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye lugha hiyo ikaunganishwa na roboti ndogo iliyotambaa sakafuni ikichora mistari, wakaiita kobe. Mtoto aliiambia iende mbele kiasi fulani, igeuke kiasi fulani, na kwa amri hizo akachora maumbo.

Papert aliwahimiza watoto wajiweke mahali pa kobe, watembee wenyewe kama yeye. Nami hufanya hivyo mpaka leo. Mwambie mtoto achore pembetatu yenye pande sawa, naye kwa kuwa anajua kila pembe ni digrii 60, ataandika geuka 60. Roboti inachora upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, na umbo halifungi. Akiiacha iendelee, inamaliza pande sita. Nampa nafasi asimame, atembee, ageuke kwa miguu yake, na anapofika kwenye kona anahisi mwilini kwamba anageuka zaidi ya alivyodhani. Ni 120. Anagundua mwenyewe kwamba roboti inageuka pembe ya nje, na kwamba kuzunguka umbo zima ni kugeuka digrii 360. Nimeshuhudia uso wa mtoto unavyokuwa dakika hiyo, na ni sababu tosha ya mimi kubaki katika kazi hii.

Nianze na vifaa gani?

Anza bila roboti. Mtoto mmoja awe roboti, mwenzake aandike amri kwenye karatasi, na roboti itii maneno kama yalivyoandikwa, si kama yalivyokusudiwa. Baada ya hapo tumia Scratch, lugha ya kompyuta iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo ni ya bure: mtoto anaburuta vipande vya amri na kuvipanga badala ya kuandika maneno.

Ukifika kwenye vifaa, micro:bit ni mwanzo mzuri. Ni kibao kidogo cha saketi kilichotokana na mradi wa BBC, na mwaka 2016 watoto wapatao milioni moja wa Uingereza walianza kugawiwa bure. Kina taa ndogo 25, vitufe viwili, na kinahisi kikitikiswa au kuinamishwa. Arduino, kibao kingine cha saketi kilichozaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ni ya mtoto aliye tayari kuunganisha waya mwenyewe na kuandika msimbo kwa maneno. Seti za LEGO ni rahisi kujenga na kubomoa, na kubomoa ni muhimu.

Ila usijenge somo lako lote juu ya chapa moja. LEGO Mindstorms ilianza mwaka 1998, ikafundisha kizazi kizima cha watoto, na mwishoni mwa 2022 ikasitishwa. Walimu waliokuwa wamefundisha vitufe vya seti hiyo walianza upya. Waliokuwa wamefundisha mzunguko wa amri, sharti, kipimo na kosa walihama na masomo yao yote.

Nina roboti tatu na darasa kubwa. Nifanyeje?

Gawa kazi, usigawe foleni ya kungoja. Kundi moja lina roboti, la pili linaandika programu kwenye karatasi, la tatu linapima na kurekodi matokeo ya walio mezani, kisha wanabadilishana. Kundi la watu watatu ndilo bora. Wakiwa watano, wawili wanakuwa watazamaji.

Mwanangu hulia roboti inapokataa. Nimwondoe?

Usimwondoe. Nilikuwa na mvulana wa namna hiyo, mtoto wa mia kwa mia. Asubuhi roboti yake iligeuka kona tisini sawasawa, akashangilia. Mchana, programu ileile, roboti ileile, ikageuka pungufu. Akabadilisha namba, ikakaa sawa. Kesho yake asubuhi, baada ya betri kuchajiwa, ikapitiliza. Akaitupa mezani, akajifunika uso kwa sweta, akalia akisema yeye ni mjinga.

Sikumwambia ana akili. Mtoto wa hivi ameambiwa ana akili mara elfu, na ndilo lililomfikisha hapo. Nilikaa karibu naye mpaka akatulia, nikamuuliza swali moja: kati ya asubuhi na mchana kimebadilika nini, kama wewe hujabadilisha kitu? Alinyamaza muda mrefu. Akaanza kuorodhesha: sakafu ileile, magurudumu yaleyale, programu ileile. Akanyamaza tena. Halafu akauliza, "Mwalimu, betri ikipungua, mota inazunguka polepole?"

Ndiyo. Alikuwa ameiambia roboti igeuke kwa sekunde kadhaa, na betri inapopungua nguvu, sekunde zilezile zinazaa mgeuko mdogo. Akaacha kuhesabu sekunde, akaanza kuhesabu mzunguko wa magurudumu, na kona ikawa tisini asubuhi na jioni. Alipomaliza aliandika kwenye daftari lake makosa yote manne aliyoyafanya kabla ya kupata jibu. Hakuna aliyemwagiza.

Kwa hiyo mpe mtoto nafasi ya kulia, kisha mrudishe mezani. Na mzazi, tafadhali, usimalizie ile roboti usiku akiwa amelala. Asubuhi atajua.

Ni kweli watoto wenye vipawa wamekomaa kuliko wenzao?

Akili imetangulia, mengine yako nyuma. Mtoto wa miaka minane anaweza kujadili nafasi ya mbali angani kama wa miaka kumi na minne, akaandika kwa mkono unaotetemeka kama wa miaka saba, na akagombea kiti kama wa miaka sita. Wataalamu huita hali hii ukuaji usiolingana. Watu wazima wakisikia anavyoongea, wanamtarajia awe mtu mzima katika kila jambo, na wanamkemea akiwa mtoto. Anayo haki ya kuwa na miaka minane.

Kuna watoto wenye kipawa ambao pia wana ugumu wa kusoma?

Wapo, na ndio wanaoteseka zaidi. Mtoto anaweza kuwa na kipawa kikubwa na wakati huohuo akawa na disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), usonji au shida ya kutulia. Kipawa kinaficha ugumu, kwa sababu anajitahidi na kufika wastani; na ugumu unaficha kipawa, kwa sababu hiyohiyo. Matokeo yake anaonekana mtoto wa kawaida mvivu. Nikisikia mwalimu anasema "huyu angeweza kama angetaka," namwomba aniletee huyo mtoto.

Karakana ya roboti inawafaa kwa kuwa hapa mtu anaweza kuonyesha anachojua bila kuandika ukurasa mzima. Lakini haitoshi kumpa roboti ukaacha kumsaidia kusoma. Vyote viwili vinahitajika, kwa pamoja, tena mapema.

Wasichana wanafanya vizuri?

Wanafanya vizuri wakiachwa washike. Katika kundi mchanganyiko, tazama mikono: mara nyingi mvulana ameshika roboti na msichana ameshika kalamu. Mimi hubadilisha majukumu kwa saa, aliyeandika anajenga, aliyejenga anapima. Na kumbuka jina la Cynthia Solomon, mmoja wa watu watatu waliotengeneza Logo. Wasichana wangu wanalijua.

Mtoto arushwe darasa?

Wazazi wengi wanaliogopa jambo hili, na walimu wakuu wanaliogopa zaidi. Ushahidi uko upande wa kurusha kuliko hofu zetu zinavyotaka tuamini. Mwaka 1971 Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianza kuwatafuta na kuwafuatilia vijana wenye uwezo mkubwa wa hisabati, wengine wakiruhusiwa kusoma masomo ya juu ya umri wao. Tafiti za miongo iliyofuata zimeendelea kuonyesha kwamba wanaoharakishwa kwa mpango mzuri hufanya vizuri kimasomo, wala hawaharibikiwi kijamii kama inavyodhaniwa.

Kwa mpango mzuri, nimesema. Mtoto mwenyewe akubali. Mwalimu anayempokea amtake. Na si lazima darasa zima: anaweza kupanda somo moja tu, akasoma hisabati na wakubwa na kurudi kucheza na wenzake. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo njia ninayoanza nayo.

Si upendeleo kuwapa watoto wachache vifaa ambavyo wengine hawapati?

Ni upendeleo, iwapo roboti ni zawadi ya wenye alama. Kwa hiyo kwangu si zawadi. Kila mtoto wa shule hupita kwenye meza ya roboti, na hapo ndipo ninapowaona wale ambao karatasi haikuwaonyesha. Baada ya hapo wanaohitaji zaidi wanapewa zaidi, kama vile anayehitaji msaada wa kusoma anavyopewa muda zaidi wa kusoma. Nisingependa kabisa mlango wenye kibao cha "wenye akili".

Mashindano yana faida?

Yana faida kwa mtoto anayeyataka. Taasisi ya mashindano ya roboti iitwayo FIRST, iliyoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989, na mashindano ya World Robot Olympiad, yaliyoanza mwaka 2004, zimewapa watoto wengi sababu ya kukamilisha kazi kwa tarehe maalumu, na hilo ni fundisho kubwa. Mwaka 2017 timu kutoka nchi zaidi ya 150 zilikutana Washington kwa mashindano ya kwanza ya FIRST Global.

Ninachokataa ni roboti iliyojengwa na mtu mzima. Inajulikana upesi. Jaji anamuuliza mtoto kwa nini gia hii ni kubwa kuliko ile, naye anamtazama baba yake.

Siku hizi akili mnemba inaandika programu. Bado kuna haja?

Inaandika, na watoto wangu wakubwa wanaitumia. Siku moja kundi moja lilipata kutoka kwayo programu safi ya kufuata mstari mweusi. Roboti ikawa inavuta upande wa kulia. Wakaomba programu nyingine, na nyingine, na nyingine. Nikawaambia waigeuze roboti miguu juu. Uzi mrefu wa zulia ulikuwa umejisokota kwenye ekseli ya gurudumu la kulia. Programu zote zilikuwa sawa. Tangu siku hiyo kundi lile huanza na kuipindua roboti, ndipo wanaangalia msimbo.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Naweza kufundisha roboti?

Unaweza, na huenda ukaifundisha vizuri kuliko wengi wetu. Anayejua kumwonyesha mtoto kwamba sentensi yake haisemi alichokusudia tayari anajua kazi hii. Jifunze kifaa kimoja tu kwa muhula mzima.

Kazi hii inachosha? Kuna cheo cha kupanda?

Inachosha mgongo na macho, kwa kuwa unainama sakafuni na kutafuta skrubu. Ngazi zipo: unaweza kuwa mratibu wa elimu ya vipawa wa shule au eneo, mkufunzi wa walimu, mwandishi wa mtaala. Nimewahi kupewa nafasi ya ofisini. Niliishika kwa muda, nikaomba kurudi darasani, na sijajuta, ingawa sitamlaumu anayebaki kule. Walimu wazuri wanahitaji mtu anayewapigania bajeti.

Ugumu halisi ni mwingine. Sehemu moja niliyofanya kazi, mpango wa watoto wenye vipawa ulifungwa kwa hoja kwamba watoto hao "watafaulu tu". Nilibeba maboksi mwenyewe hadi stoo. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiwaona watoto walewale darasani, wamemaliza kazi dakika kumi za kwanza, wamelaza vichwa mezani. Mwaka uliofuata nilianza tena na roboti mbili, baada ya saa za masomo, na wakaja.

Utafanya nini mtoto akikuzidi?

Limenitokea zaidi ya mara moja. La karibuni ni kijana wa miaka kumi na mitatu aliyeniletea programu ya kufuata mstari ambayo haikuyumba kushoto na kulia kama zetu zote. Badala ya kuuliza tu "niko kwenye nyeusi au nyeupe?", programu yake ilipima imetoka kwenye mstari kwa kiasi gani, ikageuza kwa kiasi hichohicho: kosa dogo, mgeuko mdogo, kosa kubwa, mgeuko mkubwa. Hiyo nilikuwa naijua. Kisha akanionyesha sehemu ya pili, iliyotazama kosa linakua au linapungua na kuanza kurekebisha kabla halijafika. Nilimwomba aieleze polepole. Nikamwomba arudie. Mara ya tatu nilichukua kalamu na daftari, nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, naye akasimama ubaoni.